Mgeni wa mgeni hapati mtandao: pakiti inaishia wapi?

Laptopu yenye RAM ya GB 16, VirtualBox juu yake, Proxmox VE ndani ya VirtualBox (zote mbili ni programu za kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta), na Debian, mfumo wa Linux, ndani ya Proxmox. Wengi wanaojifunza mitandao hapa Unguja wanaanzia hapo, awe mwanafunzi wa SUZA kule Tunguu au fundi anayetaka kujaribu kitu kabla hajaigusa seva ya ofisi. Gharama yake ni laptopu uliyonayo tayari. Debian inawaka, inaomba anwani, inasubiri, inasubiri, mwisho inaacha. Proxmox yenyewe iko mtandaoni bila tatizo. Aliyemo ndani yake ndiye hana kitu.

Hapo watu huanza kuzima na kuwasha. Wengine huifuta Debian na kuisimika upya mara mbili, mara tatu, mpaka bando la siku linaishia kwenye kupakua ISO. Debian haina kosa. Ndani yake umeangalia kila kitu na kila kitu kiko sawa, kwa sababu tatizo liko nyumba ya pili kutoka hapo.

Nitatumia majina matatu hadi mwisho. *Mwenyeji* ni laptopu, au seva ya chuma. *Mgeni* ni Proxmox. *Mgeni wa mgeni* ni Debian. Kwingine utakuta wameandika L0, L1 na L2. Ndio hao hao.

Sheha hamjui

Chukua mambo ya sheha, kiongozi wa mtaa. Ukipokea mgeni nyumbani unampeleka akaandikwe. Mgeni wako naye akikaribisha mgeni wake kimya kimya, siku barua inakuja kwa jina la huyo wa pili, daftari linafunguliwa na jina halimo. Swichi ya ndani ya VirtualBox, VMware au Hyper-V ni sheha wa namna hiyo. Anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kadi ya mtandao) ya Proxmox inaijua kwa sababu ndiyo iliyoitoa. Debian ilipewa MAC na Proxmox, na nje hakuna aliyekwenda kuiandikisha. Tofauti ni moja tu: sheha atakuuliza huyu ni nani, swichi haiulizi. Inaitupa pakiti na wala haiandiki popote kwamba imeitupa.

Swichi ya kawaida, hii ya kisanduku chenye taa, hujifunza MAC kwa kuangalia nani anatuma kutoka tundu gani. Swichi pepe nyingi hazijifunzi. Zimetengenezwa kwa kuamini kwamba kila tundu lina mashine moja yenye MAC moja inayojulikana tangu mwanzo. Ukiweka hipavaiza, yaani programu ya kuendesha mashine pepe kama Proxmox, kwenye tundu hilo, nyuma yake wakajaa watu kumi, hesabu yao imeharibika.

Ifuate ARP kwa macho

Usibadilishe mpangilio wowote kabla hujajua pakiti inapotelea wapi. Ndani ya Debian jipe anwani kwa mkono ili DHCP, ile inayogawa anwani yenyewe, isikuchanganye. Chagua isiyo na mtu:

    ip addr add 192.168.1.60/24 dev ens18
    ip route add default via 192.168.1.1
    ping 192.168.1.1

Dirisha jingine, angalia `ip neigh`. Ukiona hivi:

    192.168.1.1 dev ens18 INCOMPLETE

maana yake Debian imeuliza "nani mwenye 192.168.1.1?" na haijajibiwa. Swali hilo ndilo ARP: kutafuta MAC ya mwenye anwani fulani. Ikiwa mstari una MAC ya ruta na neno REACHABLE, huku chini kuko salama. Ruka hadi kwenye MTU, sehemu ya "Ping inakwenda, SSH inaganda".

Iache ping iendelee. Ingia Proxmox, sikiliza mlangoni kwa Debian kwa tcpdump, programu ya kuonyesha pakiti zinazopita. Kama ni mashine namba 100 na ni kadi yake ya kwanza, mlango unaitwa tap100i0:

    tcpdump -e -n -p -i tap100i0 arp

Halafu sikiliza kwenye kadi ya Proxmox inayotazama nje, ambayo ndani ya VirtualBox kwa kawaida ni enp0s3:

    tcpdump -e -n -p -i enp0s3 arp

Mwisho sikiliza kwa mwenyeji, kwa tcpdump au Wireshark, kwenye kadi ya kweli. Sasa soma. Swali la ARP likionekana tap100i0 lakini lisionekane enp0s3, limezuiwa ndani ya Proxmox: daraja (swichi pepe ya Proxmox, kama vmbr0) si lile, namba ya VLAN imekosewa, au fayawoli. Likionekana enp0s3 lakini kadi ya kweli haijaliona, swichi ya mwenyeji imekataa kupitisha MAC isiyoijua. Likitoka hadi nje, ruta ikajibu, jibu likaonekana kwa mwenyeji lakini lisifike enp0s3, swichi imekubali kutoa na kukataa kupokea. Hali hizi mbili za mwisho zinafanana ukiwa ndani ya Debian, na dawa zake ni tofauti.

Ile `-p` usiiache. Bila hiyo, tcpdump huiweka kadi kwenye hali ya kupokea kila kitu, hata kisichokuwa chake. Matokeo yake ni kichekesho: unafungua tcpdump kutafuta kosa, mtandao unarudi, unaifunga, mtandao unakufa. Ukiona hivyo kwenye kadi yoyote, usitafute tena. Tatizo ni MAC, na jibu umeshalipata.

Proxmox ina jambo lake dogo: ukiwa umetia alama ya Firewall kwenye kadi ya Debian, kati ya tap100i0 na vmbr0 inazaliwa minyororo mingine, fwbr100i0, fwln100i0 na fwpr100p0. Ukiziona usishtuke, sikiliza na huko pia.

Dawa, kila nyumba na yake

VirtualBox: mipangilio ya mashine ya Proxmox, Network, pale penye "Promiscuous Mode" chagua "Allow All". Kwa amri, mashine ikiwa imezimwa:

    VBoxManage modifyvm pve --nicpromisc1 allow-all

Mashine ikiwa inawaka: `VBoxManage controlvm pve nicpromisc1 allow-all`. Namba 1 ni kadi ya kwanza. Ukibadilisha kadi ya kwanza wakati daraja liko kwenye ya pili, umefanya kazi bure.

Hyper-V ina swichi moja ya kuwasha, na ndiyo inayosahauliwa kuliko zote:

    Set-VMNetworkAdapter -VMName pve -MacAddressSpoofing On

ESXi, hipavaiza ya VMware, ina mambo matatu chini ya Security ya port group (kundi la matundu ya swichi pepe): Promiscuous mode, MAC address changes na Forged transmits. Forged transmits ikikataa, swali la ARP halitoki. Promiscuous mode ikikataa, jibu haliingii. Watu huzifungua zote tatu kwenye port group ya ofisi nzima na kwenda zao. Usifanye hivyo. Kila pakiti ya port group ile itanakiliwa kwa kila mashine iliyofunguliwa, mzigo unapanda, na mgeni anasoma ya majirani. Tengeneza port group ya majaribio peke yake. Mwenye swichi ya distributed kuanzia vSphere 6.7 anaweza kuwasha ujifunzaji wa MAC na kuiacha Promiscuous mode imefungwa. Forged transmits bado inatakiwa iruhusiwe.

KVM, hipavaiza ya Linux, yenye daraja la kawaida la Linux mara nyingi haina ubishi, kwa sababu daraja hilo hujifunza MAC. Inagoma ukitumia macvtap, ile inayoandikwa `type='direct'` kwenye XML ya libvirt, programu inayosimamia mashine za KVM. Macvtap huchuja kwa MAC. Ongeza `trustGuestRxFilters='yes'` kwenye kadi ya virtio ya mgeni, au afadhali hamia kwenye daraja. Proxmox ndani ya Proxmox, kagua Firewall ya mgeni kwa yule wa nje: sehemu ya Options kuna MAC filter, na ikiwashwa inafanya kazi yake barabara, yaani inakufungia.

Kwenye Wi-Fi, usilazimishe daraja

Haya yote yanadhani kuna waya. Wengi wetu tuko kwenye Wi-Fi au hotspoti ya simu, na hapo daraja ni vita vya kushindwa. Fremu ya Wi-Fi inayotoka kwenye kifaa chako kwenda kituoni (ruta ya Wi-Fi au simu yenye hotspoti) ina nafasi tatu za anwani: kituo, mtumaji, na inakokwenda. Mtumaji wa hewani na mwenye pakiti wanahesabiwa ni mtu mmoja. Hakuna nafasi ya kusema "natuma mimi, lakini ya fulani aliye nyuma yangu". Kituo kikiona MAC ambayo haikujiunga nacho, kinaitupa. VirtualBox hufanya ujanja wa kubadilisha MAC ya mgeni iwe ya laptopu, na kwa tabaka moja ujanja huo hupita. Kwa mgeni wa mgeni ni bahati nasibu.

Halafu anwani zenyewe hazitulii. Proxmox wakati wa kusimikwa huandika anwani ya kudumu kwenye vmbr0. Uliisimika nyumbani Mwanakwerekwe kwenye 192.168.1.0/24, ukaenda nayo skuli ukawasha hotspoti ya iPhone, ambayo hutoa 172.20.10.0/28. Proxmox bado inadai iko 192.168.1.50. Hakuna kilichoharibika, ila imebaki na anwani ya mtaa mwingine. Na hiyo /28 ina nafasi 14 tu za vifaa, simu yenyewe ikiwemo, kwa hiyo hata daraja likikubali, wageni watano na wageni wao hawatoshi.

Kwa laptopu inayotembea, ushauri wangu ni mmoja: NAT kwa mgeni wa mgeni, yaani Proxmox impelekee pakiti zake nje kwa anwani yake yenyewe, na kadi ya nje ya Proxmox ichukue DHCP. Katika `/etc/network/interfaces` ya Proxmox, kwenye vmbr0 badilisha `static` iwe `dhcp`, ondoa mistari ya address na gateway, kisha ongeza:

    auto vmbr1
    iface vmbr1 inet static
        address 10.10.10.1/24
        bridge-ports none
        bridge-stp off
        bridge-fd 0
        post-up echo 1 > /proc/sys/net/ipv4/ip_forward
        post-up iptables -t nat -A POSTROUTING -s 10.10.10.0/24 -o vmbr0 -j MASQUERADE
        post-down iptables -t nat -D POSTROUTING -s 10.10.10.0/24 -o vmbr0 -j MASQUERADE

Endesha `ifreload -a`. Ipeleke kadi ya Debian kwenye vmbr1, ipe 10.10.10.60/24, ruta 10.10.10.1, na DNS unayoiamini. Hakuna DHCP kwenye vmbr1 mpaka uweke mwenyewe, na dnsmasq inatosha. Sasa nje inaonekana MAC moja tu, ya Proxmox, na sheha ameridhika. Kama umewasha fayawoli ya Proxmox kwenye kadi za wageni na pakiti zinatoka bila kurudi, ongeza na hii:

    post-up iptables -t raw -I PREROUTING -i fwbr+ -j CT --zone 1

Kwenye seva za kukodi za wingu ni hivyo hivyo, tena bila hiari. Mitandao yao haipokei MAC usiyopewa. Usipoteze jioni yako kutafuta pa kubonyeza, hapapo. NAT, au uelekezaji wa njia na kuwaarifu wao kwamba mgeni anapitisha pakiti zisizo zake.

Mitaa miwili yenye jina moja

Aliye na KVM nje na KVM ndani hukutana na hili. Libvirt huja na mtandao uitwao default, na default hiyo ni 192.168.122.0/24. Mwenyeji anayo, mgeni naye akisimika libvirt anaipata hiyo hiyo. Angalia `ip route` ndani ya mgeni:

    default via 192.168.122.1 dev enp1s0
    192.168.122.0/24 dev enp1s0 proto kernel scope link src 192.168.122.45
    192.168.122.0/24 dev virbr0 proto kernel scope link src 192.168.122.1

Tazama mstari wa kwanza na wa mwisho kwa pamoja. Ruta ya mgeni ni 192.168.122.1, na 192.168.122.1 ni mgeni mwenyewe. Anajibisha hodi mlangoni kwake. Kinachowatoa watu jasho ni kwamba haitokei kila siku: enp1s0 ikipata anwani kwanza, libvirt hugundua na kukataa kuwasha virbr0, ikilalamika kwamba mtandao umeshatumika. Virbr0 ikitangulia, zote mbili zinapanda na mgeni mwenyewe anapoteza mtandao. Nani ametangulia inategemea mashine iliwakaje asubuhi hiyo.

    virsh net-edit default
    virsh net-destroy default
    virsh net-start default

Kwenye net-edit badilisha 122 iwe namba nyingine, 150 kwa mfano, kwenye anwani na kwenye mwanzo na mwisho wa DHCP. Neno destroy lisikutishe. Hapo linazima tu, halifuti. Docker, ile ya kuendesha kontena, nayo ina 172.17.0.0/16 yake, iangalie kwa jicho hilo hilo.

Na tukiitaja Docker: ukiisimika ndani ya mgeni mwenye daraja, sera ya FORWARD inageuzwa DROP, na moduli ya br_netfilter inazipitisha hata pakiti za daraja kwenye iptables. Mgeni wa mgeni aliyekuwa mzima jana leo amekatika, na hakuna aliyegusa mtandao. Thibitisha kwa `sysctl net.bridge.bridge-nf-call-iptables`, ikijibu 1, ruhusu daraja lako:

    iptables -I DOCKER-USER -i br0 -o br0 -j ACCEPT

Ping inakwenda, SSH inaganda

Hii ndiyo inayodanganya kuliko zote, kwa sababu inafanana na mtandao mbovu wa simu. Ping inajibu. DNS inajibu. SSH inaanza, inafika kwenye kubadilishana funguo, inaganda. Kurasa nyingine zinafunguka na nyingine zinabaki nyeupe. Pakiti ndogo zinapita, kubwa zinakwama. Hiyo ni MTU, ukubwa wa juu wa pakiti moja unaoruhusiwa kupita.

Kila kifuniko unachoongeza kinakula nafasi. VXLAN juu ya IPv4 inachukua baiti 50, kwa hiyo 1500 inabaki 1450. WireGuard kwa kawaida hujiwekea 1420. Mtandao wa VPC wa Google Cloud huanza na 1460. Debian aliye ndani kabisa haambiwi chochote. Yeye anajua 1500 na anatuma 1500. Pakiti inafika penye mlango mwembamba, inakataliwa, na ule ujumbe wa ICMP wa kumwambia apunguze mara nyingi umezuiwa na fayawoli ya mtu fulani aliyedhani ICMP ni ushetani.

Pima kutoka Debian:

    ping -M do -s 1472 1.1.1.1

1472 ukijumlisha baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP ni 1500. Isipopita, shuka: 1432 ni ya 1460, 1422 ni ya 1450, 1392 ni ya 1420. Kwenye Windows andika `ping -f -l 1472`. Namba kubwa inayopita, ongeza 28, ndiyo MTU yako. Iweke kwa `ip link set ens18 mtu 1420` ujaribu SSH tena. Ikikubali, ifanye ya kudumu: kwenye dnsmasq weka `dhcp-option=26,1420`, wageni wote waipate wenyewe. Kama huna amri juu ya mashine za ndani, punguza MSS (kiasi cha data kwenye pakiti moja ya TCP) kwenye Proxmox:

    iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu

Hii inatibu TCP peke yake.

Kitu kingine kinachofanana nayo ni chekisamu, namba ya kuhakikisha pakiti haikuharibika njiani. Tcpdump ikikuonyesha "bad udp cksum" kwenye mashine inayotuma, usikimbilie kulaumu. Kadi pepe huachiwa hesabu hiyo iifanye baadaye. Ikionekana kwenye mashine inayopokea, na DHCP ikawa inatoa jibu ambalo mteja halioni, hapo zima kwa `ethtool -K vmbr1 tx off` upande wa anayetoa anwani.

Pacha, umeme na saa

Ukinakili mashine ya Ubuntu Server mara tatu, hata ukizipa MAC tofauti, zinaweza kupata anwani moja kutoka DHCP na kunyang'anyana. Hazijitambulishi kwa MAC, zinajitambulisha kwa kitambulisho kinachotokana na `/etc/machine-id`, na faili hilo umelinakili nalo. Kabla ya kunakili:

    truncate -s 0 /etc/machine-id

Ikiwaka, kila nakala inajitengenezea lake.

Umeme ukikatika na kurudi, daraja ulilolitengeneza kwa `ip link add` halirudi. Lililoandikwa kwenye faili ndilo linalorudi. Mtandao wa libvirt unahitaji `virsh net-autostart default`, amri moja, mara moja.

Na ukifunga laptopu jioni ukaifungua asubuhi, saa ya mgeni wa mgeni inaweza kubaki jana. Ping ni nzima, lakini HTTPS inakataa vyeti, na apt inasema faili la Release "is not valid yet". Hapo usiguse daraja wala fayawoli. Angalia `timedatectl`, na kama unatumia chrony, `chronyc makestep` ndani ya Debian, baada ya kuhakikisha saa ya Proxmox nayo iko sawa.